Walinzi wa Kichwani Mwako

Ouma mwanangu,

Uko hapo nje unamtengenezea Mama Brayo jiko lake la stima, na mimi niko humu ndani nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Sitakuuliza hali, maana nakusikia ukicheka. Nikikuita nitapiga kelele, na nikipiga kelele, mtaa wote wa Kambi Muru utajua leo leo kwamba baba Ouma amemkuta mwanawe na chupa. Unazijua kuta zetu. Ukikohoa huku, jirani anakuambia pole. Kwa hiyo nimekaa juu ya godoro lako lililofungwa kamba, nimeweka kitabu cha nyimbo cha mama yako magotini, naandika.

Jioni naenda lindo. Kesho nikirudi utakuwa umeshatoka na mkokoteni kuhamia chumba chako Kawangware, nami nitakuta pengo pale godoro lilipokuwa. Mambo ya kufua, ya kufuli, ya kutolala na jiko likiwaka, mama yako amekuimbia mpaka umeanza kumwitikia kabla hajamaliza. Hapo sina la kuongeza. Langu ni la chupa.

Nilikuwa nakunja blanketi lako ili tulifunge pamoja na godoro. Hivyo tu. Sikukupekua, usije ukaniambia "buda umenisachi." Chupa iliteleza yenyewe ikanigonga kidole cha mguu. Ndogo, nyeusi, kifuniko chake kina mpira wa kudondoshea matone, na ubavuni kuna picha ya jani la bhangi. Jani lenyewe, Ouma! Lile jani lililokaribia kukuchukua, leo limevalishwa suti na kuandikiwa Kiingereza cha kubembeleza. Nikakung'uta blanketi, zikaanguka tembe zako za kliniki. Nikazigeuza. Ya jana ipo. Ya juzi ipo. Wiki nzima ipo, haijaguswa, na kila asubuhi mama yako amekuwa akikuuliza, "Umemeza?" nawe unamjibu, "Nimemeza, mathe."

Nikakaa chini. Hasira ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja hofu, na bado iko hapa na mimi.

Najua umeitoa wapi. Ni kwa yule kijana wa pale Highrise ninapolinda, yule wa gari jeupe. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa habari zako, na hilo nalitafuna sasa hivi kama mchanga. Aliniuliza siku moja getini mbona naonekana nimechoka, nami kwa ujinga wa mtu ambaye haulizwi hali mara nyingi, nikamwambia nina kijana aliyeugua kichwa. Wiki hiyohiyo ukaniletea chakula, akakuona. Akaniambia, "Mzae, mimi niko na kitu ya huyu boyi. Hii si ndom ya kuvuta, hii ni sayansi. Kichwa iko na risepta zake, hii inaenda inakaa hapo direct, inatuliza kila kitu. Hizo vidonge za hosi zinamfanya tu zombi." Nikamwambia asante, nikamfungulia geti. Soja wa geti husema asante. Sikujua angekufuata mpaka kwa base, pale mnapokaa vijana, kukuuzia.

Na kinachonichoma, mwanangu, ni kwamba hakudanganya yote. Nusu ya alichosema ni kweli. Mtu mwongo kabisa ungemtambua, wewe si mjinga. Huyu amechukua maneno ya madaktari, akayakata katikati, akakuuzia kipande kitamu. Nataka ujue kile kipande kingine, na siwezi kukueleza bila kurudi nyuma tulikotoka, hata kama hupendi kukumbushwa.

Ukiwa form three ulianza kurudi nyumbani na harufu. Nilijua. Nimefanya kazi za mikono na vijana, naijua ile harufu hata ikifunikwa na peremende. Mama yako alilia, mimi nikasema, "Wacha, afadhali hiyo kuliko chang'aa. Ni majani tu." Hayo ni maneno yangu. Niliyasema nimekaa pale kwenye kiti, nimevua viatu, nimeridhika na hekima yangu. Nilimtazama Toni wa kuosha magari, ambaye amevuta shada tangu nimfahamu na anaenda kazini, anatunza watoto, anacheka. Nikafikiri, kama Toni yuko sawa, mwanangu atakuwa sawa. Hakuna aliyeniambia kwamba vichwa havifanani.

Halafu ukaanza kutolala. Ukasema wale vijana wa ploti ya mbele wanapokezana habari zako. Ukawa unajibu mtu ambaye sisi hatukumsikia. Mimi nilikuwa nalala mchana, baada ya lindo, na wewe uko pale pembeni unabishana na hewa. Unakumbuka nilifanya nini? Niliwasha redio. Niliongeza sauti mpaka mwisho ili Mama Brayo na wengine upande ule wa bati wasisikie unavyosema. Niliona aibu, Ouma. Mwanangu anaugua mbele ya macho yangu, na mimi naogopa majirani! Kila ukiongea, naongeza sauti. Kila ukinyamaza, napunguza. Mpaka ukaanza kuamini kwamba redio inakujibu. Na kwa nini usiamini? Ukisema neno, inapaza sauti. Ukinyamaza, inanong'ona. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kile kitufe.

Siku ile nilipoamka nikaikuta imefunguliwa yote, kasha lake, spika, nyaya, zimepangwa sakafuni, nawe umechuchumaa katikati unalia, nilikukemea. Nilisema, "Umeharibu redio yangu!" Ukaniambia, "Nilikuwa namtafuta mwenye ananitaja." Hata leo nikikumbuka nilichokujibu, natamani kujizaba kofi.

Si mimi peke yangu nilikukosea, na wengine sitawasamehe haraka kama ninavyojaribu kujisamehe. Polisi walikuokota pale base ukiwa na msokoto mmoja mfukoni. Ulikuwa tayari umepotea, unaongea na ukuta, mtu yeyote mwenye macho angeona. Nilikwenda kukutafuta, nikamsikia mmoja akisema, "Huyu anajifanya wazimu." Alikuwa amekupiga kofi ili uache kujifanya. Nikasimama mbele ya kaunta na yunifomu yangu ya usoja nikiomba, "Afande, kijana ni mgonjwa," naye ananitazama kama nimekuja kumuuzia karanga. Nikakutoa, usiniulize vipi. Na wikendi hiyohiyo gari jeupe likaingia getini kwangu, madirisha yakashushwa, moshi ukatoka kama wa jiko la nyama choma. Polisi wa doria walikuwa hapo kwa kibanda wanakunywa chai. Unajua walisema nini? "Sasa, maboss!" Wakapungiana mikono. Jani ni lilelile. Wewe ulipigwa, wao wakaamkuliwa. Na sasa hao hao wa gari jeupe wamelitia kwenye chupa na kukurudishia wewe kama dawa!

Basi tukakupeleka kliniki. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea kosa ambalo sikujua ni kosa.

Daktari wetu, yule dada mwembamba wa raba nyeupe, aliniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua akili? Babu, shangazi, ndugu?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Hapana." Na sikudanganya! Hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo. Niliamini nasema kweli tupu.

Unajua jina lako ni la ndugu yangu. Mama yako alimwota akiwa na mimba yako, amesimama mlangoni anaomba maji ya kunywa, na kwetu marehemu akija hivyo mtoto anapewa jina lake, anatulia. Lakini hatukuwahi kukuambia sawasawa jinsi alivyokufa. Ndugu yangu alikuwa mwerevu kuliko mimi. Alipofika umri kama uliokuwa nao wewe form three, akaanza kuvuta na wavuvi, akaacha kulala, akawa anashika sikio lake hivi, kama mtu anayezuia upepo, na kuitikia. "Eee. Naja. Naja." Siku moja akaitikia, akaingia ziwani na nguo zake, mchana kweupe, watu wakimwona. Baba alisema amerogwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Sote tukasema amerogwa. Nimekua nikisema amerogwa. Kwa hiyo daktari aliponiuliza kama kwetu kuna aliyeugua, nilimtafuta mgonjwa kichwani mwangu sikumpata. Ndugu yangu hakuwa kwenye hesabu ya wagonjwa. Alikuwa kwenye hesabu ya waliorogwa.

Daktari akaandika "hakuna." Akakupa dawa, akatuambia tuwe waangalifu. Ukapata nafuu. Ukarudi base, wale rafiki zako wakakuambia bhangi ni mmea wa Mungu, ukavuta, ukaanguka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Mara hiyo ya pili sikukupeleka kliniki. Nilikupeleka ushago, kijijini kwetu. Nilisema ni ndugu yangu anasumbua, hajaridhika na jina. Tukachinja jogoo, wazee wakamwambia akuache upumzike. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka umeshika sikio. Na nyanya yako, ambaye haoni vizuri tena, akakusogelea, akakuchungulia kwa muda mrefu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anafanya vile Ouma alifanya. Vilevile, hata hicho kidole." Halafu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kwake. Akasema, "Yule mtoto wangu alikuwa mgonjwa, nasi tukampigia kelele."

Nilikuacha pale mkekani, nikaenda kufunga mizigo yetu. Tulirudi Nairobi kesho yake na sikupitia nyumbani, nilienda na wewe moja kwa moja kliniki, nikamwambia daktari, "Niliulizwa swali nikajibu vibaya."

Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alifuta lile neno, akaandika upya, kisha akavuta kiti karibu. Siku nyingine nilikuwa nakuja na yunifomu, akawa anaijua kazi yangu. Akasema, "Mzee, wewe ni soja, basi tutaelewana haraka."

Aliniambia ubongo una walinzi wake. Ni seli ndogo za kinga. Zinazunguka humo ndani, zinaokota taka, zinapigana na viini vikiingia, na mtu akiwa kijana zinasaidia kupunguza miunganisho isiyohitajika kati ya neva ili inayobaki ifanye kazi vizuri. Juu ya seli hizo, na juu ya neva zenyewe, kuna vipokezi, yaani vijisehemu vya kupokea ujumbe. Mwili wako mwenyewe hutengeneza kitu kinachofanana na kilichomo ndani ya bhangi. Nilishangaa. Nikamuuliza, "Mwili wangu? Mimi mzee wa kanisa?" Akacheka, akasema hata wa mchungaji. Mwili unakitoa kidogo kidogo, pale tu kinapohitajika, kinafika kwenye vipokezi, ujumbe wake ni: tulia, imetosha. Aina moja ya vipokezi imejaa zaidi kwenye neva. Aina ya pili iko zaidi kwenye seli za kinga, na hiyo ndiyo inayoonekana kuwatuliza walinzi wakipandwa na hasira.

Nikamuuliza, walinzi wa kichwani wana hasira ya nini? Akasema, mtu akiugua, akikosa usingizi, akiishi na mapigo ya maisha yasiyokoma, walinzi wanaweza kukaa kwenye vita hata adui hayupo. Basi wanaanza kuumiza zilezile neva walizowekwa kuzilinda. Kwa watu wengine hilo linahusiana na huzuni nzito, au na ugonjwa kama wako. Akarudia, kwa wengine. Akasema bado wanachunguza na mengi wameyaona kwa panya.

Nilielewa kuliko alivyodhani. Kuna wakati tuliibiwa pale ninapolinda, tukatishiwa kufutwa, tukawa hatulali hata zamu ikiisha. Kila kivuli mwizi. Jioni moja tukamkamata mtu anapanda ukuta, tukampiga. Alikuwa mpangaji. Alikuwa amesahau funguo. Mimi ndiye niliyeshika tochi, na kwa ule mwanga nilimwona uso, nilimjua, na bado ilichukua muda kabla sijafungua mdomo kusema, "Wacheni, ni mwenyewe!" Hiyo sauti ya "wacheni, ni mwenyewe," ndiyo hivyo vipokezi vinaingoja. Mwili unaisema kwa wakati wake na kwa kiasi chake.

Sasa bhangi, akasema daktari, ile nguvu yake inayolewesha, haingoji kuitwa. Inavamia vile vipokezi vya kwenye neva kwa kishindo na kukaa, ikivuruga ujumbe wa mwenye mwili. Mtu mzima fulani anaweza kuvuta asione tofauti kubwa. Lakini ikimkuta kijana ambaye ubongo wake bado unajengwa, akivuta sana, na ukoo wake una mtu kama ndugu yangu, hatari yake ya kupotewa na akili inapanda. Ndiyo tofauti yako na Toni. Si udhaifu, si laana, si kwamba Toni anaomba sana kuliko wewe. Ni damu yetu, ni umri ulioanza, na ni baba aliyesema "majani tu."

Ndipo nikamuuliza kuhusu hayo mafuta ya bhangi ya kwenye chupa. Ndiyo, nilimuuliza, zamani kabla wewe hujayaona, kwa sababu yule kijana alikuwa ameshanipigia hadithi zake. Nilitaka daktari aseme ni upuzi ili nikamtukane vizuri. Hakusema ni upuzi. Alisema kwenye huohuo mmea kuna kemikali nyingine isiyolewesha, na kuna watafiti wanaijaribu kwa magonjwa ya akili, na huenda siku moja itasaidia watu kama wewe. "Lakini mzee," akasema, "chupa za mtaani sijui kuna nini ndani. Yaweza kuwa mafuta ya kupikia. Yaweza kuwa na ileile inayolewesha. Na hata ikiwa safi, inaweza kugongana na tembe zake kwenye ini. Mimi siwezi kumpa kitu nisichokijua aache kinachomsaidia."

Unaona sasa kwa nini nimekasirika? Mwanamke aliyesoma miaka yote hiyo anasema, "Sijui." Mwenye gari jeupe, ambaye hajui hata jina lako la pili, anasema, "Inakaa hapo direct." Mambo ya panya amekuuzia kama yameshapita kwa watu! Na nani atakuwa panya wake? Si yeye. Si mdogo wake anayesoma shule ya basi la njano. Ni wewe wa Kambi Muru. Ukianguka, yeye atafunga kioo cha gari. Atakayekuokota ni mimi na mama yako.

Lakini wewe nawe nakukasirikia, usidhani umeponyoka. Kama tembe zinakunenepesha, ungesema. Kama zinakufanya usinzie mbele ya fundi wako Karanja, ungesema. Najua zinakera, nimekuona ukishindwa kuamka, nimekuona umeshika bisibisi mkono ukitetemeka. Daktari alituambia, dawa zikisumbua rudini, zipo nyingine, tutapunguza, tutabadilisha. Hakusema zimezeni mnyamaze. Ungeniambia, "Mzae, hizi kitu zinanimaliza," tungeenda pamoja. Badala yake umemdanganya mama yako kila asubuhi na uso mkavu. Yule mama, Ouma!

Sawa. Nimevuta pumzi. Mama Brayo ameleta chai, nimemwambia naandika barua ya kanisa.

Nikuambie nini kinanifanya nisikufungie mlango usiende. Ni ile redio. Ulipopata nafuu ulikusanya vipande vyote ndani ya beseni, ukaviunga, haikulia. Ukaibeba kwa miguu hadi Kawangware kwa Karanja kwa sababu mtu alikuambia ndiye fundi anayeweza. Alinihadithia mwenyewe. Aliifungua akaona kazi yako, akakuuliza, "Nani alikufundisha kuifungua hivi?" Ukamwambia, "Nilikuwa natafuta mtu ndani." Akadhani ni mzaha. Akauliza, "Ukampata?" Ukasema, "Hapana." Akakuambia, "Basi kesho kuja, tutafute pamoja." Tangu siku hiyo unatembea kwenda na kurudi, na sasa hivi huko nje unatengeneza jiko la mwanamke ambaye mimi nilimfungulia redio ili asikusikie.

Na nimekasirika pia kwa yule mwenye ploti wa kwanza tulipokutafutia chumba, nisiseme sikukasirika. Alipokea pesa yetu, akatuonyesha chumba, kesho yake akaturudishia. "Nimesikia kijana ni chizi. Sitaki chizi kwa ploti yangu." Alisema wewe umesimama hapo! Nilitaka kumwambia neno, ukanishika mkono. Wewe ndiye uliyenishika mkono. Halafu Karanja akatupeleka kwa yule shosho, bibi mwenye nyumba, akamweleza yote bila kuzungukazunguka, mimi nimeinamisha kichwa nikingoja kufukuzwa. Shosho akasema, "Mimi niko na sukari, yeye ako na kichwa. Kila mtu na tembe zake. Kijana, unaweza kurekebisha taa ya choo?" Nilitoka pale nimejifunza kitu ambacho sikukijifunza miaka yote nikipaza redio. Mwambie shosho. Mwambie ukianza kukosa usingizi. Usiongeze sauti ili asikusikie.

Sasa chupa. Niliishika, nikaenda nayo mpaka kwa mtaro. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Nikamkumbuka yule mpangaji aliyepanda ukuta wake mwenyewe, uso wake kwenye tochi yangu. Nikimwaga kitu chako kwa siri, kesho utaficha vizuri zaidi, na mimi nitakuwa soja anayempiga mwenye nyumba. Kwa hiyo nimeifunga, nimeirudisha palepale ndani ya blanketi, haijapungua tone. Tembe nazo ziko juu yake. Siku ya kliniki nitakuja Kawangware nikitoka kazini, na yunifomu yangu, twende. Uiweke hiyo chupa mezani mbele ya daktari wewe mwenyewe, na umwambie pia kwamba umeacha kumeza, na kwa nini. Mimi nitakaa kimya. Nitajaribu.

Mpaka siku hiyo, meza. Sikuombi kwa hekima, nakuomba kwa woga wangu.

Na la mwisho, wuoda, mwanangu. Nilikuwepo siku ile ufukweni. Sijawahi kukuambia. Nilikuwa nimesimama na nyavu mkononi, nikamwona ndugu yangu ameshika sikio, nikamsikia akisema "naja." Nilidhani ananiambia mimi. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwamba ameitwa. Wewe unaye. Ukiisikia tena ile sauti, saa yoyote ya usiku, hata ikikuita kwa upole, hata ikikuita kwa jina, nipigie mimi kabla hujaiitikia. Hutaniamsha. Mimi nalipwa kukaa macho.

Baba yako.